TV ndogo ya rangi ya zamani (chogo ya kubeba) imebaki na mstari mmoja katikati, naanzia wapi?

kisogo14

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa anayezijua TV za chogo za zamani kwelikweli, sio zile za mwisho mwisho ambazo ndani ni kibodi kimoja tupu.

Ninayo TV ya rangi inchi 14, ile ya kubeba yenye mshikio juu na antena ya kuvuta, ya mwanzoni mwa miaka ya 80. Haina rimoti, chaneli unabonyeza vitufe mbele, na pembeni kuna kifuniko kidogo ukikifungua unakuta vigurudumu vya plastiki vya kutafutia stesheni. Nimepewa na jirani aliyekuwa anataka kuitupa, na kwa kweli boksi lake bado zuri sana, ingeniuma ikiishia jalalani.

Mwanzo ilikuwa inawaka, sauti safi, ila picha kwa juu inajikunja na kuna vijistari vyeupe vimelala pale pale juu. Ukiiwasha ikiwa baridi picha inakuwa fupi halafu ikishapata moto inarefuka yenyewe. Pia kona ya chini kushoto ina doa la kijani ambalo haliondoki hata picha iweje. Sasa juzi naangalia hivi picha yote ikajikusanya pap, ukabaki mstari mmoja mweupe umelala katikati ya kioo, sauti inaendelea kama kawaida. Nikazima.

Kulehemu najua, nimetengeneza redio na ampli, mita ninayo, lakini ndani ya TV sijawahi kuingia na nasikia mle kuna umeme unaoweza kukuua hata plagi ukiwa umechomoa. Naomba kujua tatizo liko wapi, ni kweli inabidi nibadilishe kapasita zote, na ikipona nitaiingizia picha kwa njia gani maana analojia imezimwa na mimi nataka kuchezea gemu za zamani pamoja na dekii. Sitaki kuitoa matumbo niweke bodi ya kisasa, nataka ibaki yenyewe.

Nawasilisha.

FundiChogo

Mkuu kisogo14, kwanza usiiwashe tena hivyo hivyo. Ikilazimu kuiwasha kwa ajili ya kupima, shusha nobu ya mwanga mpaka mstari uonekane kwa mbali tu, kwa sababu mwanga uliotakiwa kutandazwa kioo kizima sasa hivi unapiga sehemu moja na unachoma ule unga wa rangi ulioko nyuma ya kioo. Alama ikishachomwa pale haitoki tena, utatengeneza TV halafu utabaki na kovu katikati ya kila picha.

Pili, hiyo TV haijafa. Mstari unang'aa na sauti ipo, maana yake pawa saplai inafanya kazi, flaibeki (transfoma inayotengeneza volti kubwa ya tyubu) inafanya kazi, volti kubwa ya picha tyubu ipo na hita ya tyubu inawaka. Kilichokufa ni vatikali peke yake, yaani saketi inayosukuma mwale juu na chini. Kwa TV ya umri huo umepata moja ya magonjwa mepesi kabisa, ungekuwa umepoteza flaibeki au tyubu ningeongea lugha nyingine.

Na ulivyoelezea dalili za mwanzo umenirahisishia kazi. Kwenye PAL (mfumo wa picha wa TV yako) mwale unashuka kutoka juu mpaka chini mara 50 kwa sekunde, unashuka taratibu, halafu ukifika chini unatakiwa uruke kurudi juu kwa muda unaopungua milisekunde 2, kama mwandishi anavyorudisha mkono mwanzo wa ukurasa mpya. Kuurudisha kwa kasi hiyo kunahitaji volti kubwa kuliko ile inayolisha aisii (chipu) ya vatikali, kwa hiyo kuna kapasita inayojaa chaji wakati mwale unashuka, halafu wakati wa kuruka inajiongeza juu ya ile volti ya kawaida mpaka inakaribia kuwa mara mbili. Kapasita hiyo ikikauka mwale unachelewa kufika juu, picha mpya inakuwa imeshaanza kabla mwale haujafika, ndo maana pale juu unaona picha imejikunja na vile vijistari vyeupe, ni njia ya mwale wakati unarudi. Kukaa fupi ikiwa baridi na kurefuka ikipata moto ni tabia ile ile ya kapasita ya elektroliti iliyokauka.

Shida ni kwamba saketi ikifanya kazi katika hali hiyo kwa muda mrefu aisii inachemka kupita kiasi na mwisho inapiga shoti. Kwa hiyo ninavyoona mimi, kapasita ilianza na aisii ikafuata. Ukibadilisha aisii peke yake picha itarudi, na baada ya muda mfupi aisii mpya nayo itakwenda.

Sasa usalama, na hapa nitaongea kwa urefu. Umeme wa kukuogopesha mle ndani uko wa aina tatu. Wa kwanza ni kapasita kubwa ya pawa saplai, kwa umeme wa volti 230 ile inashika kama volti 325 za DC na inaweza kukaa nazo muda mrefu baada ya kuchomoa. Itoe chaji kwa rezista ya kilo-ohm 1 hadi 2 ya wati 10, shikilia sekunde kadhaa kisha pima kwa mita uhakikishe, usiipige shoti na bisibisi, unaharibu kapasita na njia za bodi na cheche zinaruka usoni.

Wa pili ni ule waya mnene unaoingia kwenye tyubu kupitia kikombe cha mpira. Inchi 14 pale kuna volti 20,000 na zaidi. Chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini mzima, funga waya kwenye chuma chake, upande wa pili wa waya uubane kwa klipu kwenye ule msuko wa waya mtupu uliolala juu ya mgongo mweusi wa tyubu, sio kwenye bodi. Ukishaubana ndo unaingiza ncha chini ya mpira mpaka iguse klipu. Mkono mmoja tu, mwingine weka mfukoni. Utasikia tak, au usisikie kitu, vyote sawa. Subiri dakika chache rudia tena, kwa sababu kioo cha tyubu kina tabia ya kurudisha chaji kidogo kidogo.

Wa tatu ndo unaosahaulika. TV nyingi za aina hiyo chesisi yake inagusana moja kwa moja na umeme wa ukutani, hakuna transfoma ya kutenganisha. Yaani ukiiwasha ikiwa wazi, ile "ground" ya bodi inaweza kukupiga. Ndo sababu hazina soketi za AV kwa nyuma. Kama utapima ikiwa inawaka tafuta transfoma ya kutenganisha, ile ya 230 kwa 230, na kwenye njia ya umeme weka balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwa mfululizo. Balbu itawaka sana kwa muda mfupi kisha itafifia, hiyo ni kawaida kwa sababu ya koili ya kuondoa sumaku. Ikibaki inawaka kwa nguvu kuna shoti, zima.

Anza na vipimo vya ohm ikiwa imezimwa na imetolewa chaji. Tafuta waya wa vatikali unaoenda kwenye koili za shingoni, ufuate urudi nao kwenye bodi utakutana na aisii au transista mbili zenye bamba la kupoozea. Pima kati ya mguu wa umeme wa aisii na ground. Rudi nyuma kwenye njia ya umeme huo kuelekea flaibeki utakuta dayodi na rezista ndogo ya ohm 1 au 2 inayofanya kazi ya fyuzi. Leta majibu.

wayamwekundu

Naongezea kitu ambacho watu wanakiruka. Kabla hajachomoa hata rezista moja aangalie kama bodi ina swichi ndogo ya sevisi, nyingi za miaka ile ziko nyuma au karibu na bodi ya shingo ya tyubu. Kazi yake ni kuua vatikali makusudi ubaki mstari mmoja, fundi apange rangi tatu zilingane. Ile swichi ikishika kutu ndani inakuletea dalili hii hii. Isogeze kwenda na kurudi ukiwa umezima, nyunyizia dawa ya kusafisha swichi. Na jointi za ile plagi ya koili za shingoni zitazame kwa lenzi, ukiona kijiduara cheusi kimezunguka mguu hapo lehemu imeshaachia, choma upya na lehemu mpya.

Shingo ya tyubu nayo, tafadhali. Ile bodi ndogo ya nyuma ukiivuta ivute imenyooka bila kuipindisha. Shingo ikipasuka hewa imeingia na hakuna fundi wa kuirudisha.

mzee_wa_ampli

Mimi naona mnamzungusha mtu. TV ina miaka zaidi ya 40, elektroliti zote zimechoka, atoe zote aweke mpya za nyuzi joto 105 mara moja, apumzike. Leo atabadilisha ya vatikali kesho itakuja ya pawa saplai.

FundiChogo

Mzee wangu kwenye ampli nakubaliana na wewe, ila kwenye TV ya rangi siungi mkono, hasa kwa mtu anayeingia mara ya kwanza. Akibadilisha kapasita 50 kwa mkupuo na akageuza moja, au akang'oa njia ya shaba (bodi za zamani njia zake zinabanduka kwa joto dogo tu), TV sasa ina magonjwa mawili na hajui lipi ni la zamani lipi ni la kwake. Ponya kwanza ugonjwa uliopo, iwake, ndo uende eneo kwa eneo: pawa saplai, vatikali, halafu zile zilizo karibu na flaibeki na mabamba ya joto. Kila eneo ukimaliza unawasha. Elektroliti zilizo mbali na joto nyingi unazipima unakuta bado ziko vizuri.

Na kuna kapasita ambazo huruhusiwi kabisa kuzibadilisha kwa kubahatisha, zile za filamu za volti 1,600 au 2,000 karibu na transista ya flaibeki. Ukipunguza thamani yake volti kubwa ya tyubu inapanda, na ikipanda sana unaharibu flaibeki na unaongeza mionzi ya X inayotoka kwenye tyubu. Zile ni za thamani ile ile na aina ile ile. Vivyo hivyo kile kirezista cha kuzungushwa cha kupanga volti kuu kwenye pawa saplai, usikiguse kama huna volti sahihi iliyoandikwa kwenye bodi au kwenye mchoro. Kwa elektroliti za kawaida mikrofaradi zilingane, volti ziwe sawa au zaidi, na upande wa hasi usikosee.

kisogo14

Wakuu mbarikiwe sana. Nimefungua, nimetoa chaji kama ulivyoelekeza FundiChogo, ya tyubu ililia tak kubwa tu. Vumbi lilikuwa jingi kweli, limenata juu ya bodi karibu na flaibeki kama sufi, nimelitoa kwa brashi laini.

Swichi ya sevisi ipo lakini inapima vizuri. Aisii ni TDA1170, ile yenye mabawa mawili ya chuma pembeni, mguu wa umeme kwenda ground inasoma ohm 2 na kitu. Rezista ya ohm 1 kwenye njia yake imekatika, kwa nje haina hata alama ya kuungua. Na kile kikapasita pembeni ya aisii ni mikrofaradi 100 volti 35, nilipokitoa miguu yake ina majimaji ya kahawia yenye harufu kama ya samaki na bodi chini yake imepiga weusi. Mita yangu inapima kapasita, imeniambia 6.

Nimeshaagiza vyote vitatu. Kuna cha kuangalia kabla sijavichoma?

FundiChogo

100 imebaki 6, mhalifu huyo hapo.

Yale majimaji ndo ya kushughulikia kwanza, yanakula shaba. Safisha na spiriti na mswaki wa zamani mpaka bodi ikauke, kisha pima kila njia inayopita hapo chini kutoka mwanzo hadi mwisho, kuna kipande kinaweza kuonekana kizima kwa macho kumbe kimeliwa chini ya rangi ya kijani. Kikikatika unga na kipande cha waya.

Rezista irudishe ya aina ile ile ya fyuzi, usiweke ya kawaida na usiweke waya. Imekatika kimya bila moshi kwa sababu imetengenezwa hivyo, ndo iliyookoa flaibeki yako. Mabawa ya aisii yachomelee vizuri kwenye shaba maana joto linatokea hapo. Badilisha pia ile kapasita ya mikrofaradi 1,000 inayopeleka vatikali kwenye koili za shingoni, ikichoka inakupa picha iliyobanwa chini na umeshafika hapo hapo. Dayodi ndogo iliyo karibu na ile kapasita iliyovuja ipime, ikiwa na shoti utarudi mwanzo.

Washa na balbu kwanza, mwanga ukiwa chini.

kisogo14

Imewaka!! Picha imejaa kioo kizima na juu imenyooka, nimekaa tu naiangalia. Balbu iliwaka kidogo kisha ikafifia kama ulivyosema. Nimerekebisha urefu kidogo na kile kirezista cha nyuma maana ilikuwa imezidi, inaonekana mtu alishawahi kukipandisha kufidia.

Limebaki doa la kijani kwenye kona. Nimejaribu kuhamisha TV mbali na spika, bado lipo.

wayamwekundu

Hongera mkuu, hiyo ndo raha yake.

Doa ni sumaku iliyobaki kwenye lile bati lenye matundu ndani ya tyubu. Mwale wa rangi moja unasogezwa kidogo unaangukia rangi ya jirani. TV yako ina koili imezunguka tyubu, kazi yake ni kuondoa hiyo sumaku kila unapowasha, na inaongozwa na kidude kinaitwa posista, kiboksi cha plastiki chenye miguu miwili au mitatu karibu na swichi ya umeme. Ikiwa mbovu hutasikia ule mvumo mfupi wa "mmm" wakati wa kuwasha. Wewe balbu yako iliwaka kidogo tu badala ya kuwaka sana, kwa hiyo naishuku posista kwanza. Itoe, ipime ikiwa baridi, nyingi zinasoma ohm 10 hadi 30 hivi, ikisoma maelfu au ikiwa inagonga ndani ukiitikisa imevunjika. Mpya ukishaweka jua kwamba inafanya kazi ikiwa imepoa tu, ukizima na kuwasha papo hapo haifanyi kitu, ipe nusu saa.

Tafadhali usisogeze koili za shingoni wala zile pete za sumaku na vile vipande vya mpira vilivyozibana, hata kama rangi unaona hazijakaa. Vilipangwa kiwandani kwa ajili ya tyubu hiyo hiyo. Ukitaka kuwa salama zaidi piga alama ya rangi ya kucha kwenye kila pete ilivyo sasa.

dekiinamkanda

Nimefuata uzi huu tangu mwanzo, mimi nakusaidia upande wa kuingiza picha.

Usitoboe TV kuweka soketi za AV. Kwa chesisi ya aina hiyo utakuwa unaunganisha umeme wa ukutani na mashine yako ya gemu na mikono yako. Pitia kwenye antena, pale tayari kuna kinga. Dekii yako ina soketi ya antena ya kutoa, nyingi zinatoa kwenye UHF kati ya chaneli 30 na 40, mara nyingi 36. Mashine ya gemu ya AV ipitishe kwenye dekii au tafuta modyuleta (kiboksi kinachogeuza AV kuwa mawimbi ya antena). Halafu fungua kile kifuniko chako cha vigurudumu, kitufe kimoja kiweke swichi yake kwenye U na uzungushe taratibu mpaka chenga ziondoke, haraka haraka utaipita bila kuiona.

Mambo mawili yatakusumbua. Picha ikiwa safi lakini sauti ni mchakato mtupu, TV na modyuleta hazilingani mfumo. Zote ni PAL lakini kwenye mfumo wa B/G sauti iko megahezi 5.5 kutoka kwenye picha na mfumo wa I wa Uingereza iko 6.0. Modyuleta nyingi zina swichi ya kuchagua. Na mashine ya gemu ya NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) kwenye PAL ya umri huo itakupa picha nyeusi na nyeupe inayopanda au kushuka, unaweza kuituliza kwa nobu ya vatikali kama ipo nyuma, lakini rangi haitakuja kwa sababu NTSC rangi yake iko megahezi 3.58 na TV yako inasikiliza 4.43 tu. Tafuta mashine ya PAL.

Chaneli ikiwa inahama yenyewe kadri TV inavyopata moto, kabla ya kulaumu tyuna pima volti 33 zinazoenda kwenye vigurudumu. Kuna kidude kidogo cha miguu miwili kinaitwa ZTK33 au TAA550 kinachozishikilia. Zikicheza hata kidogo stesheni inatembea.

kisogo14

Posista ilikuwa inagonga ndani kama ulivyosema wayamwekundu, imepasuka vipande viwili. Nimeweka nyingine, imevuma "mmm" na kijani kimeondoka kabisa, kona zote nyeupe sasa. Dekii imeingia chaneli 36, sauti ilikuwa mchakato, nikabadilisha swichi ya nyuma ya dekii kutoka I kwenda G ikakaa.

Kinachofuata ni boksi. Plastiki ya mbele imegeuka njano na maandishi ya chini ya vitufe yameanza kufifia, nataka kuisafisha bila kuyamaliza. Spiriti inafaa?

FundiChogo

Spiriti usiiguse hapo, maandishi yatatoka na kitambaa. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, kitambaa laini kilichokamuliwa, na fremu ya mbele uwe umeitoa kabisa kwenye tyubu au usilowanishe karibu na vitufe. Njano imeingia ndani ya plastiki, sabuni haitaitoa. Kuna wanaotumia haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua, inarudisha weupe lakini ikipakwa vibaya inaacha mawingu mawingu, jaribu kwanza sehemu ya chini isiyoonekana. Mshikio wa juu uangalie skrubu zake kwa ndani kabla hujaanza kuibeba, plastiki inapasuka pale na uzito wote wa tyubu uko mbele.

Na ukishafunga kava iache iwake saa kadhaa ukiwa jirani, kisha fungua uikague tena ile rezista na joto la aisii.